Mkate wa Pasaka Ulionukia Mazishi

Kanisani kwetu hii habari bado wanaisimulia, na kila wakiisimulia wanaishia pale pa kuchekesha, kwa hivyo leo wacha niisimulie mwenyewe mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unajulikana na watu wawili tu. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyewalisha waumini ubani siku ya Pasaka, askofu akiwemo. Sikatai, na aibu yake bado ninayo.

Naitwa Njeri, ingawa hapa mtaani Free Area, Nakuru, wananijua kama Mama Shiro, yule wa chapati na mandazi karibu na barabara. Sisi ni Waorthodoksi, tuna kanisa dogo la mabati, na kwa miaka yote niliyosali pale sijawahi kupewa kazi ya maana. Kukiwa na harusi, mazishi, sijui mgeni gani, akina mama wanagawana kazi, huyu pilau, huyu nyama, huyu kupamba meza, halafu mwenyekiti wetu Mama Kevo anageuka ananiona na kusema, Mama Shiro, wewe masufuria. Nimeosha masufuria ya lile kanisa mpaka nayajua kwa mibonyeo yake.

Sasa mwaka huo tukaambiwa askofu atakuja kula Pasaka na sisi. Mama Kevo akaita mkutano, akasema huyu askofu alisomea Ugiriki miaka sita na kuna mkate mtamu wa kule anaupenda, wa Pasaka, unaosukwa kama nywele na kuwekwa mayai mekundu juu, na ingekuwa vizuri sana auone kwetu. Akauliza nani anaweza. Akaangalia huku, akaangalia kule (mimi hakuniangalia, na nafikiri hilo ndilo lililonichoma), na kabla sijajua nafanya nini nikajikuta nimeinua mkono, nikasema nimeoka huo mkate miaka miwili nikifanya kazi kwa Wagiriki kule Naivasha.

Kwa Wagiriki nilifanya kazi kweli, tena miaka miwili kweli. Lakini nilikuwa nafua nguo, napiga deki na kuosha vyombo. Aliyekuwa jikoni ni Rispa.

Rispa alinizidi miaka kama kumi, mama mrefu wa kutoka Vihiga, na mkate huo alifundishwa na mama mzee wa ile nyumba, wakisimama mezani wawili asubuhi nzima, huku mimi nikiwa kwenye sinki nimewapa mgongo. Nilipokuwa na mimba ya Shiro, miguu imevimba hata viatu haviingii, Rispa ndiye aliyekuwa akimaliza kazi yake kisha anakuja kumaliza yangu, ili wenye nyumba wasione nimelemewa wakanifukuza. Alifanya hivyo miezi mitatu na hakuwahi kunitajia tena. Wale Wagiriki walipohama, mimi nikaja Nakuru, yeye akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya maua na kupanga chumba Karagita, huko huko Naivasha. Tulikuwa tunapigiana simu Krismasi na Pasaka.

Basi nikampigia. Alifurahi sana kunisikia. Nikamwambia nataka kuwaokea watoto ule mkate, aniambie ulikuwa unafanywaje. Akaniuliza naoka lini, maana Jumapili ya Pasaka alikuwa hana kazi, angeweza kuja tuoke pamoja. Hapo ndipo ningesema ukweli na haya yote yasingetokea. Lakini nilimwona kwa akili yangu amesimama kati ya akina mama wa kanisa, na mtu anamuuliza tulijuana vipi, na yeye na roho yake safi anasema Njeri alikuwa upande wa vyombo. Nikamwambia hapana, usijisumbue dada, hakuna sherehe, ni mkate wa watoto tu na tutauoka Jumatatu.

Akanisomea mapishi yote kwa simu, nami naandika nyuma ya kalenda: unga wa ngano, hamira, siagi, maziwa, sukari, mayai, maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa. Mwishoni akasema, na kile kitu cha mama mzee cha kunukia, unakumbuka, ni kama vijiwe vya ubani hivi, unasaga kidogo tu na sukari. Mimi sikukumbuka kitu. Nikasema eeh, hicho nakijua.

Jumamosi nilikuwa na zamu ya kufagia kanisa. Kwenye kale kachumba anamovalia padri kuna mkebe wa ubani, na nilipoufungua nikaona vijiwe vya manjano, vinang'aa, vinanukia vizuri, nikajiambia si ndivyo alivyosema, kama vijiwe vya ubani. Nilichukua wa kujaza mfuko wa sweta. Sikuomba mtu. Nikavisaga na sukari, na kwa sababu mikate ilikuwa ishirini na huyo alikuwa askofu, hiyo kidogo tu ya Rispa nikaizidisha mara tatu.

Jirani yangu anaoka keki za harusi, akaniachia oveni yake mchana kutwa. Unga uliumuka vizuri, nikausuka nyuzi tatu tatu, nikapachika mayai niliyoyachemsha na rangi nyekundu, na mikate ilipotoka ilikuwa mizuri, wallahi ilikuwa mizuri, inang'aa kama imepigwa vanishi. Harufu tu ndiyo ilinipa wasiwasi. Mume wangu alirudi kazini akasimama mlangoni akauliza kama padri amekuja kubariki nyumba. Nikamwambia hiyo ni harufu ya Ugiriki. Mtauliza kwa nini sikuonja. Tulikuwa kwenye mfungo bado, sisi Kwaresima hatuli mayai wala maziwa wala siagi mpaka Pasaka iingie, na mimi niliyeiba ubani wa kanisa nikaona kuonja mkate ni dhambi.

Jumapili mchana meza zikapangwa chini ya tenti. Mama Kevo akanikalisha karibu na askofu, mimi wa masufuria, nikiwa na kilemba kipya, na padri akatangaza kwa sauti kwamba mkate huu umeokwa na Mama Shiro aliyejifunza kwa Wagiriki wenyewe. Watu wakapiga makofi. Askofu akaubariki, akaumega, akatia mdomoni.

Alitafuna pole pole sana. Kisha akameza, Mungu ambariki, na kunywa maji glasi nzima. Wengine hawakuwa maaskofu. Nilisikia kikohozi cha mzee mmoja huko nyuma, halafu kingine, nikaona wamama wakitemea kwenye karatasi za kupangusia mikono, halafu mtoto wa Mama Kevo, wa miaka minne hivi, akauliza kwa ile sauti ya watoto inayofika kila mahali, "Mama, nani amekufa?"

Tenti nzima ikacheka. Mama Kevo akaniuliza, anajizuia, kama huu ndio utamu wa Wagiriki. Na mimi, badala ya kusema nimekosea, nikamwambia ndivyo ulivyo, wao wanaupenda hivyo, ni sisi hatujazoea. Nilisema hivyo nimekaa kando ya mtu aliyeishi huko miaka sita. Askofu aliangalia sahani yake tu. Watu walimenya yale mayai wakayala, mikate ikabaki na mashimo.

Hapo ndipo nilipomwona Rispa anaingia langoni.

Alikuwa amevaa nguo yake ya Jumapili na kitambaa kichwani, anatembea upesi upesi, anatafuta kwa macho. Alikuwa amepitia kwangu, yule jirani wa oveni akamwelekeza kanisani. Aliponiona akafungua mikono, akanikumbatia mbele ya wote, akasema Kristo amefufuka, kisha akatoa kwenye leso kichupa kidogo cha kioo chenye vijiwe vichache vyeupe chini.

"Njeri wangu, nimekuletea kile kitu cha mama mzee, ule utomvu mkavu wa mti wa kwao," akasema. "Nilikaa nikafikiria, Nakuru hii utakitoa wapi? Mama mzee aliniachia akihama. Nimekiweka miaka yote hii."

Alikuwa ametoka Karagita asubuhi, siku ya Pasaka, ili mkate wa watoto wangu wa Jumatatu usikose harufu yake.

Ndipo akaona meza. Akaona mikate ishirini iliyosukwa, akaona askofu, akaona kilemba changu. Sijui alielewa kiasi gani pale pale. Aliokota kipande kilichobaki kwenye sahani yangu, akakipeleka puani, akafunga macho vile alivyokuwa akifanya jikoni Naivasha, kisha akaniinamia sikioni kama mtu anayekuambia gauni lako limepasuka nyuma.

"Njeri, huu ni ubani wa kanisani."

Alinong'ona, lakini askofu na padri walikuwa hapo hapo, na padri asubuhi hiyo alikuwa ameshangaa mkebe wake kuwa nusu. Akaniangalia, akamwangalia Rispa, akauliza kwa upole huyu mama ni nani.

Nimerudia hilo swali mara nyingi nikikanda unga wa chapati. Halikuwa gumu. Lakini Mama Kevo alikuwa amesogea kusikiliza, na wengine nyuma yake, na mdomo wangu ukafanya ulivyozoea wiki hiyo yote.

"Huyu alikuwa ananisaidia jikoni," nikasema, "kule kwa Wagiriki."

Rispa aliniangalia. Hakuwa amekasirika, ingekuwa nafuu kama angekasirika. Aliniangalia kama mtu aliyefika nyumba asiyoijua. Halafu akamgeukia padri.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Nilikuwa namsaidia."

Mama Kevo akasema basi msaidizi amemshinda bosi wake kwa pua, watu wakacheka tena, na hapo ndipo wenzangu wanapoishia wakisimulia. Kilichofuata hawakukiona kwa sababu hakikuwa cha kuchekesha. Rispa alikaribishwa chakula akasema safari ni ndefu. Aliweka kile kichupa mezani mbele yangu, akaaga, akatoka. Mgeni wangu, aliyenisaidia na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, akatoka peke yake mpaka barabarani na mimi sikumsindikiza. Nilibaki pale nikiokota maganda ya mayai.

Nilikaa wiki tatu ndipo nikapata uso wa kwenda Karagita. Njia nzima, kupita Gilgil mpaka chini ziwani, nilikuwa napanga maneno. Chumba chake ni kimoja, kisafi, pazia limekigawa katikati. Alinikaribisha vizuri, tena vizuri mno, akanipa kiti, akatoka akanunua soda, akanifungulia na kuniwekea juu ya stuli na kitambaa chini yake. Mimi na Rispa tulikuwa tunakunywa chai kwa kikombe kimoja. Nilipoiona ile soda nikajua tayari mimi ni mgeni.

Nikamweleza yote, mkono niliouinua, masufuria, uongo wa Jumatatu. Sikujitetea, nafikiri. Alisikiliza huku anachambua mboga, na nilipomaliza akauliza Shiro yuko darasa la ngapi sasa. Nikamjibu. Nikamwambia dada, nisamehe. Akasema alishasamehe siku ile ile, kabla gari halijafika Gilgil. Akachambua majani mengine mawili matatu.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekuja Jumamosi nioke, kisha niende zangu kabla watu hawajafika. Wangesema ni wewe, na mimi ningefurahi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema mtu bei ya sukari. Nilimaliza ile soda kwa sababu ingekuwa aibu kuiacha, nikaaga, na yeye akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama pale na mimi mpaka nikapata gari.

Sisi bado tunapigiana simu Krismasi na Pasaka. Anauliza hali ya watoto, anauliza biashara, anaaga.

Nimeapa sitajidai tena kwa kitu nisichokijua, na hicho kiapo nimekishika, siku hizi nikiulizwa nasema sijui na watu wanaendelea na shughuli zao. Nimeapa pia kwamba yeyote akitaja mambo ya Naivasha nitamwambia wazi, nilikuwa nafua na kuosha vyombo, aliyekuwa jikoni ni mama mmoja anaitwa Rispa, na ubani niliuiba. Nilianza na padri, nikamwambia Mama Kevo, nikawaambia akina mama wote kwenye mkutano nimesimama. Wakasema ahaa. Mmoja akauliza kama kuna mtu ameleta majani ya chai. Kile kitu kilichonifanya nimsaliti Rispa ili wasikijue, kwamba nilikuwa wa kuosha vyombo tu, hakuna hata mmoja wao aliyekiona kuwa jambo.