Nilimfungia Simu Mtu Aliye Hai

Mnisamehe mwandiko huu na makosa yake, niliishia shule ya msingi. Kazini kila mfanyakazi ana namba ya siri ya kupigia simu nje, na mimi ndiye ninayezitunza. Mtu akifa, ninaifunga yake.

Jumapili nilipita mtaa wa Kamalondo nikakuta kilio nyumbani kwa Papa Ilunga, mwenzetu wa ofisini. Niliona haya kuuliza nani amekufa. Jumatatu asubuhi nikafunga namba yake.

Jumatano akanijia mbele ya wote.

“Mutoto yangu, juzi nilikuja kuita bandugu ya Kasenga, simu ikanikatala. Mama yangu tumemuzika bila bo kufika. Juu ya nini?”

“Papa, nilizani ni weye ulikufa.”

Hakuna aliyecheka. Niandikieni, nimwombe radhi namna gani?