Maji Yaliyopanda Mlima

Mwenzetu mmoja, mama yake alianza kumwita Daktari angali anatambaa, naye kwa bahati mbaya akaamini. Nyumbani kwao dada zake walimfulia nguo, shangazi akamkatia nyama, na kila alipofungua kinywa waliambiwa wanyamaze. Akaja chuo kikuu vivyo hivyo, akisubiri tunyamaze.

Likizo ndefu mhadhiri wetu alitupeleka kwenye zahanati moja kujifunza maji ya ardhini. Muuguzi mkuu alitaka kuchimba choo, akaomba tumwonyeshe upande ambao uchafu wake hautaingia kwenye kisima wanachokunywa wagonjwa. Tuligawana visima vidogo vya kupimia. Unateremsha utepe wenye kengele. Utepe ukigusa maji, kengele inalia. Kazi nyepesi, mradi ukumbuke umepimia wapi. Kisima cha upande wa mlimani, bomba lake lilichomoza hadi kiunoni. Daktari alipimia mdomoni mwa bomba, kisha akapiga hesabu kana kwamba amepimia usawa wa ardhi. Kutoa kile kipande cha juu kwenye hesabu kungemlazimu kuchuchumaa akipime, na suruali ilikuwa imepigwa pasi.

Ramani yake ikatoka na ajabu: maji yanapanda mlima.

"Maji ya chini si ya mferejini, jamani," alitufafanulia. "Yana siri zake."

Wenzangu wakatikisa vichwa kama wanaoelewa.

"Kwa hiyo nichimbe huku juu ya kisima, uchafu ukimbilie mlimani?" muuguzi akauliza.

"Chimba, mama. Hata leo."

Wachimbaji wakabeba majembe. Mimi hata kuagiza chai hunitoa jasho, lakini niliwaona wagonjwa wamepanga foleni kisimani na vikombe.

"Ulipimia wapi?" nikamuuliza.

"Kisimani. Ulitaka nipimie jikoni?"

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Mdomoni au ardhini?"

"Tofauti ndogo tu hiyo, dada. Usitafute sifa."

Mhadhiri hakucheka. Alikwenda mwenyewe, akachuchumaa, akapima lile bomba, akarudia hesabu. Maji yakateremka kama maji ya watu wengine.

Muuguzi alimgeukia Daktari. "Mwanangu, ulitaka kuninywesha nini?"

"Kifaa hicho kibovu, mama."

Wachimbaji wakahamia upande wa chini. Walipoinua majembe, Daktari alikuwa ameshafika, kidole kimenyooka.

"Hapa hapa," akasema, "kama nilivyowaambia."

"Sawa, baba," mchimbaji mmoja akamjibu. "Sasa sogea, tusije tukakufukia."