Mzizi Mchungu na Mguu wa Shangazi

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka damu hunichemka. Ilikuwa hitima ya mume wa Shangazi Mwanakombo, katika fleti yake ya Kilburn hapa London, juu ya duka la kinyozi. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake tukajibana chumbani, na katikati yetu ulikuwepo ukumbi mwembamba uliojaa viatu vya watu wote. Siku ile nilimpinga mkubwa wangu mbele ya kadamnasi. Nikaambiwa sina adabu, nimepotea, nimekuwa Mzungu. Nami nakwambia leo, na mvi zangu hizi kichwani, kwamba ningerudishwa siku ile ningempinga tena, na sauti ningeipandisha zaidi.

Nina sababu ya kukusimulia. Juzi nilikwambia jambo hapa jikoni, ukanijibu "Okay, Shangazi," ukarudi kwenye simu yako. Hilo nitalifikia. Kwanza keti, na hiyo chai usiiongeze sukari, nakuona.

Shangazi Mwanakombo, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Nilipoletwa London kutoka Pemba nikiwa msichana, ni yeye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili mbili na kupanda basi bila kuogopa. Alikuwa na maradhi ya sukari kwa miaka mingi. Mama yake alikuwa nayo, ndugu zake walikuwa nayo, na jamaa zetu waliizungumza kama mtu anavyoizungumza pua ya ukoo: hii ni yetu, tutafanyaje? Nilikuwa nikikereka kusikia hivyo. Pua huwezi kuikataa, lakini sukari unaweza kupigana nayo. Madaktari wakisema watu wa nasaba yetu tumo hatarini, wanasema kweli. Hatari lakini si hukumu, na mimi sijakubali hata siku moja kuketi kitako niingoje.

Siku hizo nilikuwa kijana, nimepata kazi katika maabara ya chuo kimoja hapa mjini. Tulikuwa tukiuchunguza mzizi mmoja wa manjano ambao waganga wa Kichina wameutumia tangu enzi na enzi, mchungu kuliko shubiri. Tulitaka kujua unafanya nini kwenye mitokondria. Usinikunjie uso, najua unasoma hayo chuoni, lakini nisikilize nami nilivyofundishwa. Ndani ya kila seli ya mwili wako mna majiko madogo sana. Chakula unachokula ndizo kuni, na humo jikoni ndimo kinamogeuka nguvu ya kuinua mkono na kuupigisha moyo. Mtu mwenye sukari kuni anazo, tena zimerundikana mpaka mlangoni. Jiko ndilo haliwaki sawasawa. Basi sisi tulizipa seli maji ya ule mzizi kwenye visahani, kisha tukapima zinavyovuta hewa. Siku nyingine majibu yalitufurahisha, seli zilichangamka zikaivuta sukari kwa pupa. Siku nyingine tulizidisha kidogo tu, zikafa zote.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Lan, mama wa Kichina mtu mzima, mfupi, mkali, aliyeshinda akinywa maji ya moto matupu kutwa nzima. Siku ile seli zilipokufa nilimwonea huruma. Nikamwambia kwa upole kwamba hili labda tusilivumishe sana, kwani si dawa ya wazee wake? Kwetu sisi, nikamwambia, mtu hampingi mkubwa wake. Aliweka kikombe chini akanitazama mpaka nikatamani sakafu inimeze.

"Bibi yangu alikuwa mganga," alisema. "Akimpa mtu mzizi huu, kesho yake alimfuata nyumbani. Alimtazama ulimi, akamuuliza amelalaje, choo chake kikoje. Akiona hapati nafuu, alibadilisha dawa. Aliuliza maswali maisha yake yote. Leo wewe unataka nimwinamie kichwa, niache kuuliza, halafu niite hiyo heshima? Asiyeulizwa ni maiti, Rukia. Bibi yangu nimeshamzika mara moja, inatosha."

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Karipio la kweli halimezeki vizuri, lazima likwaruze koo. Lakini liliingia, nalo likakaa.

Sasa turudi kwenye hitima. Ami Sefu, kaka mkubwa wa Shangazi, alikuwa na moyo mpana kuliko watu wote ninaowajua. Ndiye aliyenitafutia shule, ndiye aliyenipeleka siku ya kwanza akiwa amevaa koti lake la harusi. Naye alikuwa na sukari. Alipata chai ya Kichina kwenye duka moja la dawa za mitishamba, akainywa, akajiona mwepesi, basi akaanza kuwapelekea jamaa nyumba hata nyumba, mvua ikimnyeshea, bila kuchukua hata senti ya mtu. Alifanya kwa mapenzi, na hilo ndilo lililoniwia zito. Mwizi ni rahisi kumpinga. Mtu anayekupenda ni kazi.

Asubuhi ile nilimsaidia Shangazi kutia udhu. Nilipomvua soksi, ikakataa kutoka, imenata kwenye kidole. Niliilowesha maji ya vuguvugu nikaivuta taratibu, na nilichokiona chini yake sikukipenda. Kidole kilikuwa kimekuwa cheusi ubavuni, na kidonda kinanuka.

"Kiatu tu kimenibana," alisema.

"Na sindano yako ya insulini, Shangazi, unachoma?"

Akatazama pembeni. Kisha akaninong'oneza, kama mtoto aliyekamatwa, kwamba ameacha tangu aanze ile chai. "Si ndiyo dawa mnayoifanyia research huko kazini kwenu? Sefu kasema. Kasema hata Rukia anajua."

Mwanangu! Jina langu! Jina langu ndilo lililomwachisha Shangazi sindano, na mimi sina habari.

Watu walisoma, dua ikaombwa, kahawa na halua zikaanza kupita. Nilikuwa nimepanga kumvuta Ami pembeni baadaye, tuzungumze kiungwana. Hakuningoja. Sauti yake ilitoka sebuleni:

"Rukia! Hebu njoo hapa mlangoni, mwanangu. Kuna watu hawaniamini. Waambie, si university yenu ime-prove hii dawa?"

Nikasimama ukumbini, katikati ya viatu. Upande huu wanaume wananitazama, upande huu wanawake. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi hata kutabasamu tu na kunyamaza, kila mtu angeelewa anavyotaka.

"Hapana, Ami," nilisema.

"Hapana nini?"

"Hatujathibitisha kitu. Tumeuona mzizi ukifanya mambo mazuri kwenye visahani, na tumeuona ukiua. Kwa binadamu hatujui bado. Hiyo chai yako wala sijui imetiwa mzizi gani na kiasi gani. Anayechoma sindano asiache, na anayemeza vidonge asiache."

Ami akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayempa mtoto nafasi ya kujirekebisha. "Rukia," akasema, "asiyesikia la mkuu..." Akaniachia nimalizie, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo.

"Huvunjika guu," nikamalizia. "Naam, Ami. Ila guu linalovunjika hapa si langu mimi ninayekubishia. Ni la Shangazi aliyekusikiliza. Mwambie avue soksi."

Kikombe cha mtu kiliteleza kikalia sakafuni. Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Ami alisimama, uso umembadilika, akasema, "Umekuwa Mzungu, Rukia." Lakini lililoniua halikuwa lake. Ni la Shangazi, kutoka chumbani: "Toka kwangu. Umenivua nguo mbele ya watu." Nikavitafuta viatu vyangu katika vile viatu vyote, machozi yananichuruzika, nikatoka. Nililia kituo cha basi mpaka mama mmoja wa Kisomali akanipa tishu.

Utaniuliza, hukujuta? Nilijuta kwa aibu niliyomtia Shangazi, maana habari ya mguu wake ingeweza kusemwa kwa staha zaidi. Kwamba niliwaambia watu kweli sikujuta, na sijuti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikuwa tayari kumwachia kifo kazi ile.

Siku chache zikapita. Kisha simu ikalia, na Shangazi hakutoa hata salamu. "Kiatu hakiingii," alisema. "Njoo na teksi. Na usiseme neno."

Nikaenda, sikusema neno. Tukafika kwa daktari wa mtaa, kijana wa Kiingereza mwenye haraka zake. Aliutazama mguu, akashtuka, akauliza kwa nini sindano zimeachwa. Shangazi akafungua mkoba, akaitoa pakiti ya chai akaiweka mezani kwa heshima zote. Yule kijana akacheka. Akaisukuma pembeni kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mende, akasema watu wa kwetu tuache huu upuuzi. Nikamwona Shangazi anafunga uso wake, anafunga mkoba wake. Nikajua akitoka pale hatarudi tena, mguu na uoze.

Basi neno nililokatazwa nikalisema. "Don't laugh," nilimwambia. Nikamwambia kwamba mizizi kama hiyo inachunguzwa na watu wenye shahada kama zake na zaidi, na kwamba yeye hajui mna nini ndani ya pakiti ile, kama vile mimi nisivyojua. "Huyu mama hujamuuliza anakunywa kiasi gani wala tangu lini. Hujauliza kama inagombana na vidonge vyake. Aliyekuwa akimpa chai hii hakuuliza, na wewe unayeitupa huulizi. Mna tofauti gani?"

Aliwiva uso mzima. Lakini nimsifu panapostahili: aliichukua ile pakiti akaisoma, akaandika, kisha akageuza kiti akamwelekea Shangazi, si mimi, akamuuliza swali na akangoja jibu. Shangazi alijibu. Alijibu mengi, mpaka usingizi wake na kiu yake ya usiku. Siku ileile tukapelekwa hospitali.

Ndani ya teksi Shangazi aliupakata mkoba wake. Akasema, "Kumbe wewe unagombana na kila mtu."

"Naam, Shangazi."

"Nilidhani unatuonea sisi tu." Akanishika mkono, hakuuachia mpaka tukafika.

Kidole kilikatwa. Mguu ukabaki. Ami Sefu alikuja kumtazama na mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni akaniuliza, "Guu liko wapi?" Nikamwambia, "Lipo, Ami." Hakuniomba radhi, nami sikumwomba, ila tangu siku hiyo mtu akimletea habari ya dawa mpya alimwambia akamuulize kwanza daktari wake, na akishamaliza akamuulize Rukia. Shangazi alirudia sindano zake na akaishi miaka mingi. Aliishi mpaka akakupakata wewe, ukamkojolea kanga yake mpya.

Na ule mzizi? Bado sijui. Daktari Lan alistaafu akiwa bado anauuliza. Yapo mazuri tuliyoyaona, na yapo maswali yaliyobaki, na yeyote anayekwambia yamekwisha, awe muuzaji wa chai au daktari mwenye dharau, mtilie shaka.

Sasa nifike kwenye juzi. Nilikwambia nimeacha vidonge vyangu vya sukari, nanywa unga wa mlonge tu kwa sababu jirani kausifia. Sikuwa nakutania. Nilikuwa nimeviacha kweli, mimi niliyeshinda maabarani ujana wangu wote! Uzee una ukaidi wake, na kuchoshwa na vidonge ni kuchoka kubaya. Nilikwambia nikikutazama usoni. Nadhani nilikuwa nangoja unigombeze. Wewe unayejua habari za mitokondria kuliko mimi, ukasema "Okay, Shangazi." Ulidhani unaniheshimu. Niliumia, mwanangu. Nilijiona nimeshakuwa maiti ya kusomewa hitima.

Basi shika haya. Heshima si utumwa, na kunyamaza si adabu. Mkubwa wako akikosea katika jambo la uhai wake, mpinge. Mwite pembeni ukipata nafasi, sema kwa staha, lakini kama nafasi haipo, mpinge hapohapo mlangoni. Dawa ya wazee usiidharau, wala usiisujudie. Iulize inafanya nini, kwa nani, kwa kiasi gani. Dawa ya hospitali nayo iulize vivyo hivyo. Watu wakikwambia sukari ni yenu, wajibu kwamba hujaipokea. Tembea, kula kwa kiasi, pima damu yako kabla hujaugua. Na ukiitwa shahidi wa jambo usilolijua, sema hulijui, hata mbele ya ukoo mzima.

Vidonge nimevimeza leo asubuhi. Kesho nakwenda kwa daktari na unga wangu mkononi, nimuulize naye aniulize, nawe utanisindikiza.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka na moyo usiojivuna. Majiko yako yawake mpaka uwe mzee kuliko mimi, na usikose mtoto wa kukubishia utakapofika huku. Haya, weka simu hiyo chini. Niambie nivue soksi.