Mwendo wa Betri Zilizoanikwa

Ule wimbo niliujua tangu utotoni, na nilijiona mimi ndiye bingwa wake. Ulikuwa wa bendi ya zamani ya dansi, kwenye kaseti aliyoiacha marehemu baba. Mwanamume yuko safarini, anamwambia mkewe amwekee chakula, anakuja. Kwetu Oldonyo Sambu ulisikika kwa sauti nzito, ya kujikokota, nikaamini huyo mtu hafiki kamwe. Nikauita bluzi. Mama aliusikiliza akichambua maharage.

Miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na redio binafsi zilipoanza, nilikuwa na gita la umeme, nywele zilizowakera wazee wa kanisa, na bendi ya roki ya watu wawili: mimi na mpiga drami. Tukapata siku moja ya studio, chumba cha mtaa wa Ngarenaro, mjini, kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Nilitaka kitu kimoja tu: kumpelekea mama wimbo wa baba, nimeupiga mimi.

Fundi mitambo akataka kwanza ausikie ule wa zamani. Akaitia kaseti kwenye deki yake ya umeme. Wimbo ukatoka mbio, mchangamfu, tarumbeta juu. Mpiga drami akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndiyo bluzi yako hii? Mbona ya harusini kabisa!"

Nilipigwa na butwaa, kisha nikaelewa, nikaona aibu. Baba alipokuwa hai alikuwa akinunua betri mpya. Alipofariki, hela ya mpya haikuwepo; mama alizianika juani zile zilizokwisha, juu ya bati, zipate nguvu kidogo, na redio ikawa inazungusha kaseti polepole. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka wimbo ulivyokuwa kabla ya hapo. Miaka yote hiyo nilikuwa nalegeza nyuzi za gita zifuate betri zilizochoka.

"Basi tuupige ulivyo," fundi akasema.

Nikakataa. Nilikasirika, kusema kweli. Huo mwendo wa polepole ndio ulionilea. Tukaupiga hivyo hivyo, gita likikwaruza, mpaka ubeti wa mwisho. Hapo nikamkonyeza mpiga drami, naye akaongeza mwendo kidogo kidogo, hadi tukaufikia ule wa kwenye deki.

Jumapili baada ya ibada nikapanda nyumbani na kaseti, betri mpya mfukoni. Nikamwamkia mama, nikazitia kwenye redio, nikaicheza kaseti. Akasikiliza mistari miwili, ungo wa maharage mapajani, akanyoosha mkono kuzitoa betri.

"Zimekwisha hizi, mwanangu. Ngoja nikazianike."

"Mpya hizo, mama. Subiri."

Ubeti wa mwisho ulipoanza kukimbia, akaweka ungo chini.

"Huo," akasema. "Huo ndio aliokuwa akiuweka baba yako akirudi safari."

Akainuka, akakaza kanga kiunoni, akacheza peke yake katikati ya sebule mpaka wimbo ukaisha. Mimi nililia bila kujificha. Nikauliza kama niurudishe kwenye ule ubeti wa mwisho.

"Hapana," akasema, akihema. "Anzia kule polepole."