Aliyebeba Maji

Jumapili ile niliwaambia wadogo zangu nitakuwa nyumbani kabla jua halijazama. Kwetu, mtaani Wabera, neno hilo si jepesi. Mama alitoka asubuhi moja kwenda hospitali akasema atarudi jioni, na hakurudi. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule darasa la saba nikajifunza cherehani, na tangu hapo mtu wa kwetu akitaja saa ya kurudi, anarudi. Kitinda mimba wetu amekuwa mkubwa, lakini saa hiyo ikikaribia bado hukaa mlangoni.

Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu anayeuza miraa karibu na ninaposhonea, na mwenzetu wa bodaboda aliyekulia Garbatulla akichunga ngamia. Yeye ndiye aliyetaka tupande mlima ulio ng'ambo ya Burat, tutembee juu ya mgongo wake hadi mwisho, kisha tushukie upande wa pili inakopita lami.

Alikuja na sheria ya machungani. Maji hubebwa na mtu mmoja, anayetembea nyuma, na hakuna anayeomba. Mbebaji ndiye huamua saa ya kunywa.

"Wa nyuma anaona kila mtu," alisema. "Wa mbele anaona mawe tu."

Nikayafunga madumu mawili mgongoni kwa leso.

Kupanda kulitutoa jasho, lakini mgongo wa mlima ndio uliotuchosha. Ni mwembamba, unapanda na kushuka, na mawe yake hayatulii chini ya mguu. Kila nilipoona wenzangu wanalegea niliwasimamisha, nikamjazia kikombe muuza miraa, kisha wa bodaboda, halafu nikafunga dumu. Nyumbani mimi hupakua, na hula kilichobaki kwenye sufuria. Niliitazama njia iliyobaki, nikaona heri maji yatunzwe.

Saa nane miguu ilikakamaa. Niliketi juu ya jiwe, na mabonde pande zote mbili yakaanza kuzunguka.

Wa bodaboda alirudi, akainua dumu moja, kisha la pili. "Hii iko na maji mingi. Wewe umekunywa mara ngapi?"

Nikanyoosha mkono kulichukua dumu.

"Dada, nimekuuliza."

"Bado."

"Bado tangu Burat?" Muuza miraa alicheka, kisha akaacha. "Kwani wewe ni ngamia?"

"Hata ngamia hunywa," akasema mwenzetu. "Na akigoma hapa juu, nani atambeba? Mbebaji hunywa wa kwanza. Hiyo ndiyo sheria."

"Hukusema hivyo."

"Sikudhani kuna mtu wa kuambiwa."

Alininywesha kidogo kidogo, akanikataza kusimama. Nililitazama jua, nikawaambia niliyoahidi nyumbani. Muuza miraa alinivua viatu akaanza kunikanda miguu.

"Basi kunywa," mwenzetu alisema. "Ukisimama sasa utaanguka, na leo hutafika."

Tulikaa karibu saa nzima. Kisha wa bodaboda akajifunga madumu mgongoni kwa leso yangu, muuza miraa akamwambia imempendeza, tukaondoka. Mimi niliwekwa mbele. Kweli, mbele humwoni mtu. Kila mara niligeuka kuwatazama, na kila mara aliniambia, "Angalia mawe, dada. Sisi tuko." Aliposema "kunywa" nilisimama, na kikombe kilianzia kwangu.

Tulifika lami jua likiwa juu kidogo ya miti. Tukapata pikipiki moja, tukajibana watatu na dereva wake. Nilipoingia uani mwanga ulikuwa bado kwenye mabati ya jirani. Kitinda mimba alikuwa mlangoni, akainuka kana kwamba alikuwa akienda mahali pengine.

"Umefika," alisema.

"Nimefika. Niletee maji."

Aliniletea kikombe kilichojaa. Nilikimaliza nikiwa nimesimama, ndipo nikauliza kama wamekula.