Masele na Paa la Kanisa la Kambini

Siku Masele alipofika mara ya kwanza kwenye mbao zangu pale Tinde, hakuuliza bei. Alipita akigonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, sikio kalitega.

"Unanunua au unapiga hodi?" nikamuuliza.

"Nasikiliza, Mayu," akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ubao unaolia haufai."

Tabia hiyo aliitoa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko alikuwa akisimika matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, yaani shimo la mgodi, zisiwaangukie wachimbaji. Siku moja magogo yakalia. Akagonga mara tatu, ishara ya kupanda juu, lakini mdogo wake Ngassa hakuiwahi kamba. Masele akaachana na dhahabu, akawa fundi wa mapaa. Mwenyewe halali chini ya paa; analala uani.

Nilipopata kazi ya kuezeka kanisa jipya ndani ya kambi ya jeshi, nilimchukua yeye. Mhandisi wao alilikagua paa akaridhika. Sharti la Masele lilikuwa moja: siku ya ufunguzi abaki nje.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Askofu atamwita fundi mbele. Wakubwa wakikuona, bwalo la maofisa tunaezeka sisi. Ukijificha, watatafuta mwingine."

"Watu wote wale chini ya paa, Mayu. Na ngoma tena."

"Ni kanisa, Masele. Si shimo."

Akaingia. Jua lilikuwa limeshika mabati, kwaya inacheza, buti za askari zinatwanga sakafu. Juu yetu pakalia: ta. Kisha tena, ta, ta. Yalikuwa mabati tu yakitanuka kwa joto. Kila mwenye nyumba ya bati anaijua sauti hiyo. Nikamshika mkono, nikaukuta wa baridi. Akaniponyoka, akagonga nguzo mara tatu.

"Linatitia! Pandeni!"

Hakuna aliyejua apande wapi, ila kambini mtu akipiga kelele namna ile hakuna anayesubiri maelezo. Mabenchi yakapinduka, kina mama wakaangukiana mlangoni. Walinzi walimlaza Masele kifudifudi, mtutu kisogoni. Mimi ndiye niliyemdhamini getini.

Kwenye chumba cha walinzi kapteni akaniuliza, "Mama Wema, nani kamtuma huyu?"

"Hofu, afande. Duara lilimmeza mdogo wake."

"Ulilijua hilo ukamleta?"

Nikasema nililijua. Ningekana, wangeendelea kumtafutia aliyemtuma, na wangeanzia kwangu.

Walimwachia jioni, asikanyage tena pale. Askofu alikuwa amekwisha kumaliza ibada, milango yote wazi.

Bwalo nililipata nusu: mbao zangu, ufundi wa mtu mwingine. Masele sasa anatengeneza mikokoteni ya ng'ombe, uwanjani, juu yake mbingu tupu. Fundi aliyelikimbia paa lake mwenyewe, nani atampa la kwake? Na huyu fundi mpya tayari ameniletea malalamiko ya wateja wawili wanaovujiwa. Kwa Masele sikuwahi kupata lalamiko hata moja.