Neno Moja la Swabir

Swabir alikuwa mpishi wa harusi. Kuanzia Msambweni hadi Mkwiro, watu hawakupanga siku ya nikaha kabla ya kumuuliza kama ana nafasi. Sauti yake ilikuwa kubwa. Akipika uani, mtaa wa pili walijua kitunguu kimeanza kuungua.

Asubuhi moja mkono wa kulia ulimlegea, mdomo ukaenda upande. Mkewe, Mwanarusi, hakungoja, alimkimbiza hospitali. Kilikuwa kiharusi. Alhamdulillahi, uhai ulibaki, na mguu ukaanza kurudi polepole. Lakini maneno yalimpotea yote isipokuwa moja: "Jana." Akitaka maji, jana. Akiamkiwa, jana.

Wageni waliokuja kumjulia hali walinong'onezana kwamba akili imemruka. Mdogo wake Swabir, Mwero, alikuja na simu mkononi.

"Shemeji, tazama video hii. Huyu bwana ana dawa ya chupa, inayeyusha damu iliyoganda kichwani. Na vidonge vya hospitali anasema viachwe."

Mwanarusi hakumkemea, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa anatafuta. Alikuwa fundi wa kushona, na kila alipoinua mguu kwenye cherehani aliiuliza simu: mume wangu anasema neno moja tu, je, amerukwa na akili? Simu ilimletea majini, husda, sindano za kutoboa vidole na watu wanaoapa walipona kwa kitunguu saumu. Kila alipomaliza kusoma, moyo ulikuwa mzito kuliko alipoanza.

Walipokwenda kliniki, alimwonyesha video ile Jacinter, dada wa kutoka Kakamega aliyekuwa akimfanyisha Swabir mazoezi. Jacinter aliitazama mpaka mwisho, penye nambari ya kuagizia chupa.

"Mama, huyu hajataja jina lake wala alikosomea. Anachotaka ni kuuza. Vidonge vya presha usiviache hata siku moja, tafadhali. Ukisoma kitu, tafuta kwanza kimeandikwa na nani, na lini. Kisha niletee, tukisome pamoja."

Siku zilizofuata Mwanarusi alisoma kwa jicho jingine. Kurasa nyingi alizifunga kabla ya kuzimaliza. Hatimaye alifikia ukurasa wa chama cha wagonjwa wa kiharusi. Majina ya madaktari yalikuwa chini yake, tarehe ilikuwa ya mwaka huu, na hapakuwa na chochote cha kununua. Humo iliandikwa kwamba kiharusi kinaweza kumfungia mtu maneno, na akili ikabaki ilivyokuwa. Anaweza kuwa anaelewa. Msizungumze juu yake kana kwamba hayupo.

Aliinua macho. Swabir alikuwa amekaa kibarazani, anamtazama.

"Mume wangu," alimwambia, "wewe unatusikia sisi siku zote hizi?"

Swabir alitikisa kichwa kukubali. Machozi yakamtoka. Mwanarusi akaliacha vazi mashineni, akaja kumfuta kwa upindo wa leso yake.

Ukurasa ule ulisema pia kwamba wengine wasioweza kusema huweza kuimba. Jacinter alipoulizwa alisema ni kweli, ila si kwa kila mtu, na huchukua muda. Basi alasiri moja Mwanarusi akaanza wimbo ambao Swabir aliutunga mwenyewe akikoroga masufuria: "Moto wangu, taratibu..." Akanyamaza, akangoja. Midomo ya Swabir ilihangaika. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, ikatoka: "...wageni... bado njiani."

Mwanarusi alicheka na kulia kwa pamoja. Wakaurudia mpaka magharibi.

Hakupona kama walivyotaka. Mkono haujashika mwiko tena, na maneno humjia moja moja, mengine kwa kuyaimba. Mwero aliifuta ile video, na siku hizi ndiye anayempeleka kliniki.

Juma lililopita jirani yao Twaiba alipita, akamwita Mwanarusi kutoka mlangoni: "Haya, bwana anaendeleaje leo?"

Mwanarusi alifungua kinywa ajibu, lakini Swabir aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, kumzuia. Alivuta pumzi. Wote wawili wakamngoja.

"Niulize," alisema, "mimi."

Twaiba akaingia, akakaa mkekani mbele yake, akamuuliza upya.